Mashine ya espresso kwa fedha kidogo: anza na kisagio

Kagera, Kilimanjaro, Songwe na Ruvuma wanalima kahawa, lakini sehemu kubwa ya kahawa hiyo huondoka nchini ikiwa mbichi. Siku hizi wasikilizaji wetu wanataka kubakiza kidogo na kuinywa wenyewe. Wengine ni familia. Wengine ni vikundi vya akina mama na vijana wanaofikiria kufungua kibanda karibu na stendi. Wameona mashine ya espresso kwenye simu, inang'aa, bei imepunguzwa, na wanatuuliza: tutume pesa?

Jibu letu fupi ni hili: msitume bado. Fedha nyingi hupotea kwa kununua mashine kwanza na kisagio baadaye. Mashine nzuri yenye unga mbaya hutoa kahawa mbaya. Na mashine isiyoendana na umeme wa nyumbani huishia juu ya kabati, imefunikwa kitambaa.

Espresso ni nini hasa?

Ni kahawa nzito ya kikombe kidogo, inayopatikana kwa kusukuma maji ya moto kwa nguvu ndani ya unga laini ulioshindiliwa. Asili yake ni Italia. Mwaka 1884 Angelo Moriondo wa mji wa Turin alipewa hataza ya mashine ya mvuke ya kutengeneza kahawa, na wengine wakaiendeleza baada yake.

Msukumo unaotakiwa ni takriban bar 9. Ili upate picha, tairi la gari dogo hujazwa upepo wa bar 2 na kidogo. Kwa hiyo maji ya espresso husukumwa kwa nguvu karibu mara nne ya upepo wa tairi. Joto la maji huwa kati ya nyuzi 90 na 96.

Kipimo kinachotumiwa na wengi ni gramu 18 za unga, zitoe gramu 36 za kahawa kwa sekunde 25 hadi 30. Kwa hesabu hiyo, kilo moja ya kahawa iliyokaangwa hutoa takriban vipimo 55.

Kwa nini kisagio ndicho cha kwanza?

Mkulima anayemwagilia anajua kwamba maji hupita penye udhaifu. Tuta likiwa na tundu, maji yote hukimbilia hapo na mimea mingine hubaki mikavu. Ndani ya mashine ni hivyo hivyo. Unga ukiwa na chenga kubwa na vumbi kwa pamoja, maji hupenya upande mmoja. Chenga hutoa uchachu, vumbi hutoa uchungu mkali, na vyote huingia kwenye kikombe kimoja.

Visagio viko vya aina mbili. Cha kwanza kina kisu kinachozunguka kama cha blenda. Ni rahisi kwa bei, lakini hukatakata bila mpangilio. Kwa espresso hakifai. Cha pili kina meno mawili ya chuma au kauri yanayosaga punje katikati yake, kama mawe ya kusagia nafaka. Umbali kati ya meno hayo hurekebishwa, na unga hutoka unaolingana. Hiki ndicho cha kutafuta.

Kwa fedha kidogo, kisagio cha mkono chenye meno ya chuma kinakupa unga bora kuliko cha umeme cha bei hiyo hiyo, kwa sababu hujalipia mota. Pia hakidai umeme. Lakini muulize muuzaji: je, kinasaga hadi unga wa espresso, na hatua zake za kurekebisha ni ndogo? Vingi huishia kwenye unga wa kahawa ya kuchuja tu. Unga wa espresso ni laini kuliko chumvi ya mezani, ila haufikii ulaini wa unga wa ngano.

Kinu na mchi tulivyorithi vinafaa kwa kahawa ya kuchemsha, maana machicha hutulia chini ya birika. Kwa espresso havitoshi.

Kahawa ya shambani ina mawe

Kahawa iliyoanikwa chini mara nyingi hubeba vijiwe. Ichambue kwenye ungo kabla ya kukaanga, na ichambue tena baada ya kukaanga. Kijiwe kimoja chaweza kuvunja meno ya kisagio. Usisage kahawa mbichi, kwani ni ngumu mno. Na usisagie humo mahindi wala viungo.

Baada ya kukaanga, iache siku chache ipumue kabla ya kuitumia kwa espresso, kisha itunze kwenye chombo kinachofunga vizuri. Wenye robusta wajue kwamba hutoa povu jingi na ina kafeini karibu mara mbili ya arabika. Kuchanganya kidogo na arabika ni jambo la kawaida hata Italia.

Aina za mashine, kuanzia ya bei ya chini

*Birika la moka.* Lilianza Italia mwaka 1933, na jina la Bialetti ndilo linalojulikana zaidi. Lina sehemu tatu: maji chini, unga katikati, kahawa juu. Msukumo wake ni bar 1 hadi 2, kwa hiyo si espresso kamili, lakini kahawa yake ni nzito na huvumilia maziwa. Linafanya kazi kwenye gesi na hata jiko la mkaa, moto ukiwa mdogo. Jaza maji yasivuke vali ya usalama, usishindilie unga, na liepue likianza kukoroma. Vali ikiziba, usilitumie.

*Mashine ya mkono ya wenzo.* Unamimina maji yaliyochemka na kusukuma kwa mikono. Flair ni mfano mmoja. Inatoa espresso ya kweli bila umeme, kikombe kimoja kwa zamu. Inafaa sana kwa nyumba yenye umeme wa kukatikakatika, lakini bila kisagio kizuri haikusaidii.

*Mashine ya umeme isiyo na pampu.* Hii ndiyo inayowaponza wengi. Kwa sura inafanana na ya espresso, lakini inasukuma maji kwa mvuke tu, na boksi lake mara nyingi huandikwa bar 3.5. Kazi yake haizidi sana ile ya birika la moka.

*Mashine ndogo ya umeme yenye pampu.* De'Longhi Dedica na Gaggia Classic ni mifano. Maboksi mengi huandikwa bar 15. Usivutwe na namba hiyo. Huo ni uwezo wa juu wa pampu. Kinachohitajika kwenye unga bado ni 9.

*Mashine ya vidonge.* Ni rahisi kutumia, lakini kila kikombe kinahitaji kidonge cha kununua. Mkulima atakuwa ananunua kahawa ya wengine wakati yake iko ghalani.

Uliza kuhusu chujio

Mashine nyingi za kuanzia huja na chujio la kuta mbili lenye kitundu kimoja chini. Hilo hulazimisha msukumo hata kama unga si mzuri, na hutoa povu la kudanganya macho. Ni msaada kwa anayeanza. Lakini hakikisha unaweza kupata pia chujio la kawaida la ukuta mmoja, ili siku ukiwa na kisagio kizuri usilazimike kununua mashine nyingine. Chujio la kipenyo cha milimita 58 ndilo rahisi zaidi kupatia vipuri.

Umeme: soma kibandiko kabla ya kulipa

Umeme wa Tanzania ni volti 230. Mashine iliyotengenezwa kwa soko la Marekani ni ya volti 120. Ukiichomeka hapa itaungua. Kibandiko cha chini ya mashine kisomeke volti 220 hadi 240.

Mashine ndogo hutumia wati 1,000 hadi 1,500. Ya wati 1,300 ikiwaka mfululizo dakika 10 inakula uniti 0.22, kiasi kidogo. Tatizo liko kwa wenye sola. Inveta ya wati 300 haiwezi kuiwasha. Kwa nyumba ya sola ndogo, chagua moka au mashine ya wenzo, ubaki na taa zako.

Maji

Tazama ndani ya birika lenu la chai. Likiwa na ukoko mweupe, maji yenu yana chokaa, na ukoko huo huo utaziba mirija ya mashine. Tumia maji ya mvua yaliyokingwa kwa usafi na kuchujwa, na safisha mashine kwa dawa ya kuondoa chokaa kama kitabu chake kinavyoelekeza.

Kugawa fedha

Kwa wauzaji wa nje, mashine ndogo za kuanzia huuzwa takriban dola 100 hadi 300 za Marekani, na visagio vya mkono vinavyofaa espresso takriban dola 80 hadi 200. Hapo bado usafiri na kodi. Hesabu gharama zote hadi mlangoni, kisha gawa fedha yako mafungu kumi: manne au matano ya kisagio, manne ya mashine, na linalobaki la mizani ndogo ya kidijitali, raba ya akiba na dawa ya usafi.

Kama fedha haitoshi vyote viwili, nunua kisagio kizuri na birika la moka. Kunywa kahawa yako, weka akiba, mashine itafuata. Kisagio hicho hicho kitaihudumia.

Kwa mashine iliyotumika, usilipe kabla ya kuiona ikitoa vikombe vitatu mfululizo. Angalia kama inavuja pembeni ya mpini, kama mvuke unatoka kwa nguvu, na kama tangi lina ukoko. Uliza raba na vipuri vinapatikana wapi, na fundi ni nani.

Kwa vikundi vya kibanda

Mashine ya nyumbani imeundwa kwa vikombe vichache kwa siku. Ikifanya kazi ya kutwa nzima huchoka mapema, na mara nyingi udhamini haulindi matumizi ya biashara. Kabla ya kutoa fedha za kikundi, jaribuni soko kwa mwezi mmoja mkiwa na kisagio, moka mbili kubwa na chupa za chai. Andikeni kila siku vikombe mlivyouza. Daftari hilo litawaambia kama mashine kubwa italipa mkopo wake.

Ukishaipata: rekebisha unga, usilaumu mashine

Kahawa ikitoka kwa sekunde 10 na ladha ni chachu, saga laini zaidi. Ikidondoka kwa dakika nzima na ladha ni chungu sana, saga nene kidogo. Badilisha kitu kimoja kwa wakati mmoja, gramu zikibaki zile zile. Ndani ya vikombe vichache utajua kipimo cha kahawa yako mwenyewe, na kitaandikwa nyuma ya mlango wa jiko ili kila wa nyumbani aweze kuiandaa.