Mtemi Kidaha Makwaia na Suala la Ardhi

Neno mtemi, ambalo Wasukuma hulitamka ntemi, hunasibishwa na kitenzi kutema, yaani kukata. Wako wasemao kwamba ni mkata mashauri. Wengine husema ni yule aliyetangulia kufyeka msitu ili watu wapate kulima. Maana hii ya pili ndiyo imfaayo zaidi Kidaha Makwaia wa Usiha, Shinyanga, aliyezaliwa mwaka 1922, akasoma Makerere na baadaye Oxford. Mwaka 1945 yeye na Abdiel Shangali wa Machame walikuwa Waafrika wa kwanza katika Baraza la Kutunga Sheria la Tanganyika, waliteuliwa, hawakuchaguliwa. Mwaka 1953 alitiwa katika Tume ya Kifalme ya Afrika ya Mashariki, ambayo taarifa yake ya 1955 ilipendekeza ardhi iwe milki ya mtu mmoja mmoja. Ajabu ni kwamba mtemi, mgawaji wa mashamba, aliutia mkono ushauri uliokata mzizi wa utemi wenyewe. Mwaka 1958 Nyerere alipinga milki ya namna hiyo. Utemi ulifutwa mwaka 1963. Ardhi ikawa mali ya umma. Kidaha alifariki mwaka 2007.