Msomaji wa Kegonga hakuja darasani na kichwa kitupu

MNAMO 2008, wanasaikolojia Jeffrey Karpicke na Henry Roediger walichapisha katika jarida la Science matokeo ya jaribio ambalo kila mwalimu wa lugha angefaa kulijua. Waliwapa wanafunzi wa chuo kikuu nchini Marekani maneno 40 ya Kiswahili, kila moja likiwa na maana yake kwa Kiingereza. Mojawapo lilikuwa 'mashua'. Baada ya wiki moja, wale waliokuwa wamejipima mara kwa mara kwa kulitafuta neno kichwani walikumbuka takriban asilimia 80. Wale waliolisoma tena na tena bila kujipima walikumbuka thuluthi moja hivi.

Kwa nini Kiswahili, jameni? Kwa sababu wanafunzi hao hawakukijua hata kidogo. Tangu 1994, Thomas Nelson na John Dunlosky walipochapisha orodha ya maneno 100 ya Kiswahili na tafsiri zake, lugha yetu imekuwa chombo cha maabara za kumbukumbu ughaibuni. Watafiti walitaka neno lisilo na jamaa wala jirani katika kichwa cha anayejifunza.

Sasa tuje nyumbani. Twende Kegonga, Kuria Mashariki, katika Kaunti ya Migori, karibu na mpaka wa Tanzania. Mtoto wa huko akikutana na 'mashua' kitabuni, huenda naye akalikariri kama yule Mmarekani, maana ziwa liko mbali, upande wa Muhuru. Lakini akikutana na 'watu', kwao kuna 'abanto'. Akikutana na 'wapendanao', kile kiambishi cha kutendana, -an-, anakijua tangu utotoni. Pale Kiswahili kinapotumia -i- au -e- katika kauli ya kutendea, Igikuria kina -er-. Hata jina la lugha yenyewe ni somo: igi- ni ndugu ya ki- ya Kiswahili, ila k imegeuka g kwa kuwa silabi inayofuata inaanza kwa k. Wanaisimu huita mabadiliko hayo Kanuni ya Dahl.

Kwa hivyo, msomaji huyu ana jamaa wengi wa kumpokelea maneno mageni. Swali la kihistoria ni hili: mbona shule ilichukua muda mrefu hivyo kuwaona jamaa hao?

Mwaka 1886 Waingereza na Wajerumani walipiga mstari kutoka pwani hadi Ziwa Victoria. Mstari huo uliwagawa Wakuria, wengine wakabaki Tarime na wengine upande huu. Mnamo 1906 Waadventista, wakiongozwa na Arthur Carscallen, walianzisha misheni Gendia, karibu na Kendu Bay, katika Homa Bay ya leo. Mtambo wa kuchapisha ulifuata mwaka 1913. Carscallen alijifunza Dholuo, akaandika sarufi yake, na vitabu vikafuata mkondo huo. Agano Jipya la Dholuo lilitoka 1926 na Biblia nzima 1953. Agano Jipya la Igikuria lilingoja hadi 1996, miaka 70 kamili.

Wakuria walikuwa wachache ndani ya Wilaya ya Nyanza Kusini. Vitabu vilivyokuwapo vilikuwa vya jirani, na walimu wengi pia. Basi wengi wa vizazi vya kwanza vya wasomi wao walisoma na kusali kwa Dholuo. Simlaumu Mluo hapa. Lugha yake ni tajiri na wazee wengi wa Ukuria wanaizungumza bila taabu. Ila Dholuo ni lugha ya Kinailoti. Haina ngeli za ki-vi wala m-wa. Mtoto wa Kegonga aliyejifunza kusoma kwayo alianza karibu pale alipoanza yule mwanafunzi wa Marekani. Tume ya Phelps-Stokes, iliyozuru Afrika Mashariki mwaka 1924, ilipendekeza watoto waanze masomo kwa lugha za kwao. Kegonga, hiyo 'lugha ya kwao' iligeuka ya jirani.

Uhuru haukuleta nafuu ya haraka. Tume ya Ominde ya 1964 ilipendekeza Kiingereza kiwe lugha ya kufundishia tangu darasa la kwanza. Ripoti ya Gachathi ya 1976 ikarudisha lugha ya eneo katika madarasa matatu ya mwanzo. Karatasi ilisema hivyo, lakini katika shule nyingi nchini mtoto aliyeteleza akasema neno la kwao alivishwa kibao shingoni hadi jioni. Mwaka 1985, mfumo wa 8-4-4 ulipoanza, Kiswahili kilifanywa somo la lazima la kutahiniwa. Ng'ambo ya mpaka, binamu zao walikuwa wakisoma shule ya msingi yote kwa Kiswahili tangu miaka ya Azimio la Arusha, japo huko pia Igikuria kiliachwa nje ya lango.

Wazo lililokuwa nyuma ya kile kibao ni kwamba lugha moja huisukuma nyingine nje ya kichwa. Utafiti umelikanusha. Mnamo 1979 Jim Cummins alieleza kwamba ujuzi wa kusoma katika lugha ya kwanza huhamia katika ya pili. Mwaka 2002 Ton Dijkstra na Walter van Heuven walitoa kielelezo kinachoonyesha kwamba macho ya mjuzi wa lugha mbili yanapogusa neno, lugha zote mbili huamka. Tazama neno 'pole'. Kwa Kiswahili ni la kufariji. Kwa Kiingereza ni mlingoti. Mwanafunzi wetu huziamsha maana zote mbili, kisha muktadha humchagulia moja.

Kuamka huko kuna faida na hasara, na ni haki tuseme zote. Igikuria hakitofautishi /l/ na /r/. Mtoto ataandika, "Mwalimu alinipa karamu," darasa zima licheke, kumbe alipewa kalamu tu. Mwalimu asiyejua Igikuria ataweka alama ya kosa na kumwona mzito. Anayekijua atang'amua kwamba mtoto anafuata kanuni ya kwao, kisha ataweka 'kalamu' na 'karamu' ubaoni bega kwa bega.

Ujuzi wa kufanya hivyo upo. Wilfred Whiteley, aliyekuja kuwa bingwa wa historia ya Kiswahili, aliandika tasnifu yake ya 1955 katika Chuo Kikuu cha London kuhusu kitenzi cha Kikuria. Leonard Chacha Mwita amechunguza toni za kitenzi hicho hicho, na pia jinsi maneno ya Kiarabu yalivyoingia katika Kiswahili. Chacha Nyaigotti-Chacha, mwana wa Ukuria, alitupa tamthilia za Mke Mwenza na Marejeo kwa Kiswahili ambacho hakuna aliyekilaumu kwamba kimeharibiwa na lugha ya mama.

Mtaala wa sasa unakubali lugha ya eneo katika gredi za chini, ila vitabu vya Igikuria vya kusomea darasani bado ni haba. Tukivisubiri, mwalimu wa Kegonga anaweza kuanza kesho bila senti. Neno jipya likitokea, aulize kwanza, "Nyumbani mnaliitaje?" Wakishajibu, wafunge vitabu, na kabla ya kengele awaombe walitoe neno lile kichwani. Swali la pili tumelipata kwa wanafunzi wa Marekani na 'mashua' yao. La kwanza wao hawangeweza kulijibu. Watoto wa Kegonga wanaweza, na shule imechelewa karne nzima kuwauliza.