Mwenye Mzigo Ndiye Anayefunuliwa Turubai

Kuna maneno yamezoeleka miongoni mwetu vijana tunaoshika kalamu. Eti hadithi za nchi zisizokuwapo, za majini na watu kugeuzwa wanyama, ni mambo ya Wazungu na sinema zao. Sisi kazi yetu ni kuandika mapenzi, umaskini, na baba mdogo aliyekula urithi wa yatima. Mtu akileta kijiweni hadithi ya nchi inayoelea angani anaambiwa, "Acha utoto, andika mambo ya kweli." Mimi nayapinga maneno hayo, na shahidi wangu ni karani mmoja wa forodha.

Karani huyo ni Shaaban Robert, aliyezaliwa Vibambani, karibu na Tanga, mwaka 1909. Darasani tulimjua kama mshairi mwenye hekima, picha yake ipo kitabuni, methali zake ziko ubaoni. Lakini ni wangapi kati yetu waliowahi kufikiria kwamba mtu huyu alikuwa na bosi? Kuanzia mwaka 1926 hadi 1944 aliajiriwa katika Idara ya Forodha ya serikali ya kikoloni, na sehemu ya miaka hiyo aliitumikia Pangani. Baadaye akahamishiwa idara nyingine za serikali, akafika hata Mpwapwa, kisha akarudi Tanga na kufanya kazi katika ofisi ya wilaya na ofisi ya upimaji ardhi. Miaka kumi na minane ya forodha, ndugu msomaji! Huyo ndiye aliyetuletea *Kusadikika*, nchi iliyo angani, mwaka 1951, na *Adili na Nduguze* mwaka 1952.

Kwetu Tunduma neno forodha halihitaji kamusi. Mji wetu umekua juu ya neno hilo. Malori ya kwenda Zambia na Kongo yanapanga foleni, mawakala wanakimbia na makaratasi, wabadilisha fedha wameshika kwacha mkononi, na ng'ambo pale ni Nakonde. Mpaka wenyewe ulikubaliwa na Waingereza na Wajerumani mwaka 1890, mezani Ulaya, kisha mwaka 1898 tume ya nchi hizo mbili ikaja kuuweka alama kutoka Ziwa Nyasa mpaka Ziwa Tanganyika. Wanyamwanga wakajikuta wengine huku, wengine kule, shangazi nchi moja na mpwa nchi nyingine. Kwa hiyo mtu wa Tunduma akisoma kwamba Kusadikika ni nchi inayopakana na pepo za pande nne, hacheki sana. Anajua kuwa mpaka unaweza kuanza kama kitu cha kufikirika tu, halafu ukawa na geti na askari.

Sasa nieleze yaliyonipata nilipokisoma kitabu hicho baada ya kumaliza shule, bila mtihani na bila notsi. Notsi zina ubaya wake. Zinakutajia dhamira kabla hujajua nani amefanya nini, kwa hiyo kila siri ya kitabu inakufikia ikiwa imeshapoa. Safari hii nilikisoma kama hadithi, ukurasa baada ya ukurasa, na kilinishtua mara tatu.

Mara ya kwanza ni pale mwanzoni. Mshtakiwa Karama amesimamishwa mbele ya mfalme na baraza zima. Mwendesha mashtaka ni Majivuno, waziri mwenye ulimi mkali. Msomaji unajiandaa kusikia kosa kubwa: kaua, kaiba hazina, kapanga kumpindua mfalme. Kumbe! Kosa la Karama ni kuanzisha mafunzo ya sheria. Anataka watu wa Kusadikika wajue sheria na namna ya kujitetea. Basi, hilo tu, na kwa hilo anatakiwa aangamizwe. Nilirudi nyuma kurasa mbili nikidhani nimeruka kitu. Sikuwa nimeruka.

Ukiitazama historia, mshtuko huo unazidi. Tanganyika ya mwaka 1951 ilikuwa nchi ya udhamini chini ya Umoja wa Mataifa, ikitawaliwa na Uingereza. Katika mahakama za wenyeji, ambako Mwafrika wa kawaida ndiko alikopelekwa, wakili hakuruhusiwa kusimama kumtetea mtu. Nchi nzima haikuwa na chuo kikuu hata kimoja. Chuo Kikuu kilipoanza Dar es Salaam, Oktoba 1961, miezi michache kabla ya uhuru, kilianzia katika jengo la TANU, na kitivo chake cha kwanza kilikuwa nini? Sheria! Somo lile lile lililomsimamisha Karama kizimbani ndilo Tanganyika ilianza nalo. Shaaban Robert alifariki mwaka uliofuata, 1962. Kwa hiyo aliishi kuiona nchi ya kweli ikifungua darasa ambalo nchi yake ya angani ililiita kosa.

Mshtuko wa pili unakuja kwa namna Karama anavyojitetea. Haombi huruma. Anasimulia habari za wajumbe sita: Buruhani, Fadhili, Kabuli, Auni, Ridhaa na Amini. Hawa walitumwa kwenda nchi za jirani kuchunguza mambo yanayoweza kuifaa Kusadikika. Wanne walikwenda pande nne za dunia, mmoja mbinguni, mmoja ardhini. Hapo kwenye ardhini nilisimama kidogo. Kwa watu wa Kusadikika, ardhi yetu hii ya kawaida ndiyo nchi ya ajabu, ndiyo ng'ambo! Kila mjumbe alipita katika hatari, akaona sheria na desturi njema, akarudi na maarifa mkononi. Na kila mmoja, badala ya kushukuriwa, alitiwa gerezani.

Mjumbe wa kwanza alipofungwa nilisema ni bahati mbaya. Wa pili, nikasema mwandishi anakazia. Alipofika wa tatu nikaanza kuogopa, maana sasa nilikuwa najua mwisho wa kila safari na bado nilitamani mara hii iwe tofauti. Huo ndio ufundi wa yule mzee. Sisi tunaamini kumshtua msomaji ni kumficha. Yeye anakuonyesha jambo lile lile mara sita, na mara ya sita linakuuma kuliko ya kwanza.

Nilimsimulia habari hizi mshikaji wangu mmoja, utingo wa lori la masafa marefu, kijana ambaye hana habari na riwaya. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akaniuliza, "Huyo mzee alikuwa anafanya kazi gani?" Nikamwambia karani wa forodha. Akacheka. "Basi ndiyo maana, kaka. Lori tupu halisimamishwi muda mrefu. Mwenye mzigo ndiye anayefunuliwa turubai."

Nimesoma maelezo mengi ya kitabu kile, lakini sijaona lililokifungua kama hilo. Wajumbe sita ni watu wanaorudi nyumbani na mzigo. Wangerudi mikono mitupu, pengine wangepitishwa na kupewa hata chai. Kosa lao lilikuwa ni kurudi na kitu. Karani aliyekaa miaka kumi na minane penye kuingiza na kutoa mali alijua vizuri jinsi mzigo unavyoulizwa: umetoka wapi, ni wa nani, una thamani gani, nani kakuruhusu. Akayahamisha maswali hayo kutoka kwenye marobota na kuyapeleka kwenye mawazo.

Tena wajumbe wa namna hiyo hawakuwa wa hadithini tu. Mwaka ule ule wa 1951, mwezi Novemba, serikali ya kikoloni ilianza kuwaondoa Wameru wapatao 3,000 katika ardhi yao ya Engare Nanyuki ili wapewe walowezi. Mwaka 1952 Wameru wakamtuma Kirilo Japhet mpaka New York, akasimama mbele ya Baraza la Udhamini la Umoja wa Mataifa kueleza dhuluma ile. Wakati huo ardhi haikurudishwa. TANU ikazaliwa tarehe 7 Julai 1954, na mwaka 1955 Julius Nyerere naye akaenda kule kule kusema. Sisemi kwamba Shaaban Robert alitabiri haya. Kitabu chake kilikuwa kimeshaandikwa. Nasema aliishi katika nchi ambayo kutumwa ng'ambo na kurudi na neno lilikuwa jambo la hatari na la lazima, na akalitia hilo ndani ya hadithi ya nchi inayoelea.

Je, angeweza kuliandika waziwazi? Alikuwa mtumishi wa serikali ile ile. Kitabu chake kilichapishwa na kampuni ya Nelson ya Uingereza. Angeandika kwamba katika Tanganyika wanaoleta elimu ya haki wanafungwa, sidhani kama kingefika dukani. Akaandika Kusadikika, yaani nchi ya kusadiki tu, na mzigo ukapita. Nani alijua njia za mizigo kuliko yeye?

Mshtuko wa tatu ni hukumu. Baada ya wafungwa sita mfululizo, nilikuwa na hakika Karama atakuwa wa saba. Lakini mfalme anamwachia huru, na anaamuru wale sita nao watolewe gerezani. Wapo wanaosema mwisho huu ni laini mno, mfalme anabadilika upesi. Mimi naona vingine. Karama hakushinda kwa upanga wala kwa jini. Alishinda kwa kufanya kile kile alichoshtakiwa nacho: alijitetea kisheria, kwa ushahidi, siku baada ya siku. Kesi yenyewe ikawa ndiyo somo, na baraza lote limeketi darasani bila kujijua.

*Adili na Nduguze* nayo ina mshtuko wake, wa aina nyingine. Adili ni liwali wa Janibu, chini ya mfalme Rai wa Ughaibu, na sifa yake ni haki. Anakuja Ikibali, mjumbe wa mfalme, kwa shughuli ya kodi. Usiku Ikibali anaona jambo la kutisha: yule liwali mwadilifu anawachapa viboko manyani wawili. Kisa kinapofunuliwa tunajua kwamba manyani wale ni Hasidi na Mwivu, kaka zake wa damu, waliomtosa baharini kwa wivu. Jini Huria ndiye aliyewageuza, na ndiye anayemlazimisha Adili kuwachapa kila usiku. Mfupa wa kisa hiki umetoka katika *Alfu Lela Ulela*, ambamo ndugu wale waligeuzwa mbwa. Shaaban Robert akakichukua, akakivika majina ambayo kila Mswahili anayaelewa maana yake. Yaani hata mtu anapokopa, anaweza kurudi na mzigo wa kwake.

Njia hiyo haikuishia kwake. Euphrase Kezilahabi, kijana wa Ukerewe aliyeandika tasnifu yake ya mwaka 1976 juu ya riwaya za Shaaban Robert, baadaye alitupa *Nagona* (1990) na *Mzingile* (1991), vitabu ambavyo ndani yake mtu anasafiri katika nchi isiyo na ramani akitafuta ukweli. Mkisema nchi za kubuni si zetu, mnawaweka wapi hawa?

Kwetu Mbozi kuna Kimondo, bonge la chuma lenye urefu wa karibu mita tatu na uzito unaopita tani kumi. Lilianguka kutoka angani zamani ambazo hakuna anayezikumbuka. Dunia ya nje ililisikia mwaka 1930, lakini wenyeji walikuwa wakipita kando yake siku zote. Vijana wengi wanaoandika wanatafuta mshtuko wa kumwangukia msomaji kutoka angani. Ufunuo wa *Kusadikika* uko kama Kimondo kilivyo leo: kiko chini, mahali pake, watu wanapita. Msomaji wa mwaka 1951 hakuwa na haja ya kuambiwa kwamba mwenye kujua sheria anaogopwa. Alikuwa anaishi hivyo. Kitabu kilimwonyesha tu kwamba jambo analopita nalo kila siku ni la ajabu, tena la ajabu kuliko nchi kuelea hewani.

Kwa hiyo wewe wa Tunduma, Vwawa au Mlowo mwenye daftari la kurasa mia mbili na hadithi ya nchi isiyokuwapo, usilichane kwa sababu ya maneno ya kijiweni. Jiulize swali moja tu: katika nchi yako hiyo nani anabeba mzigo, na nani anafunua turubai? Ukiwa na jibu, majini na mawingu yaweke utakavyo. Ukiwa huna, hata ukiandika mtaa wetu huu kwa jina lake na duka kwa duka, bado lori lako litakuwa tupu, na hakuna atakayejisumbua kulisimamisha.