Dakika Nane



Wapendwa wasikilizaji, mkulima apandaye mahindi hana hofu kwamba shambani mwake utaota mtama. Mvuvi huyangoja maji kujaa na kupwa, wala hadhani kwamba leo bahari itasahau zamu yake. Sote twaishi kwa kuutegemea utaratibu wa maumbile, ingawa ni mara chache tunaushukuru. Wataalamu wa sayansi huuandika utaratibu huo katika maneno na hesabu, nao huyaita maandishi hayo kanuni za maumbile. Lakini mwanadamu azijuaje kanuni hizo? Je, huziamuru, au huzipokea? Leo tulitafakari swali hilo kwa kuyafuata maisha ya Johannes Kepler, aliyezaliwa mwaka 1571 katika mji wa Weil der Stadt, Ujerumani.

Katika ujana wake Kepler alisoma teolojia huko Tübingen akikusudia kuwa mchungaji. Mwaka 1594 akatumwa Graz, nchini Austria, kufundisha hisabati. Alisikitika kuikosa altare, lakini baadaye akatambua kwamba hata katika elimu ya nyota aweza kumtukuza Mungu. Alisadiki kwamba Muumba amevifanya vitu vyote kwa kipimo, na kwamba akili ya mwanadamu imepewa uwezo wa kukisoma kipimo hicho.

Tangu zama za Wagiriki wa kale, wenye elimu walishika neno moja: mwendo wa sayari lazima ufuate duara, kwa kuwa duara ni umbo kamilifu, na mambo ya mbinguni hayawezi kupungukiwa ukamilifu. Hata Copernicus, ambaye kitabu chake cha mwaka 1543 kililiweka jua katikati, hakuliacha duara. Watu waliona kwamba heshima ya Mungu mwenyewe yadai hivyo.

Mwaka 1600 Kepler alikwenda Prague kufanya kazi pamoja na Tycho Brahe, mtu wa Denmark aliyezipima nyota kwa miaka mingi, kwa macho matupu, kabla ya darubini kuanza kuelekezwa mbinguni. Tycho akafariki mwaka 1601. Kepler akabaki na vipimo vyake, na kazi ngumu ya kuitafuta njia ya sayari iitwayo Mirihi. Alianza kwa duara, kama wote waliomtangulia. Akakokotoa, akafuta, akakokotoa tena. Yeye mwenyewe alisimulia kwamba alirudia hesabu hiyo mara 70 au zaidi. Hatimaye duara lake likapatana na vipimo karibu kila mahali. Lakini palikuwa na mahali ambapo hesabu na vipimo vilitofautiana kwa dakika 8.

Dakika hizi si za saa. Tukiugawa mzunguko mzima wa anga katika digrii 360, na kila digrii katika sehemu 60, sehemu moja ndiyo huitwa dakika. Dakika 8 ni kama robo ya upana wa mwezi mpevu. Ni kitu kidogo sana. Je, nani angemlaumu Kepler kama angenyamaza? Angeweza kusema kwamba mzee Tycho alikosea, na kazi ya miaka ingesalimika. Lakini alijua kwamba Tycho hakuwa mtu wa kukosea kiasi hicho. Aliviona vipimo vile kuwa zawadi itokayo katika wema wa Mungu, nayo zawadi hupokewa kwa shukrani, haifichwi. Wahenga wetu walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Kepler hakuupaka ufa chokaa. Aliubomoa ukuta wote.

Mwaka 1609 akatangaza katika kitabu chake *Astronomia nova* kwamba njia ya Mirihi si duara bali ni duaradufu. Atakaye kuielewa na apigilie misumari miwili ubaoni, aizungushie kitanzi cha uzi kilicholegea, kisha auvute uzi kwa ncha ya kalamu mpaka ukaze, na kuizungusha kalamu. Umbo litakalotokea ndilo duaradufu, na jua limesimama mahali pa msumari mmoja. Tena sayari huenda kasi ikaribiapo jua, na hupunguza mwendo iwapo mbali, kwa kipimo kisichobadilika. Utaratibu haukupotea. Ulionekana kuwa mzuri kuliko ule waliouwaza wanadamu.

Hapo twajifunza tofauti kubwa, ndugu zangu. Mtu akivunja sheria ya serikali, hupelekwa mahakamani. Lakini sayari isipofuata kanuni tuliyoiandika sisi, haishtakiwi. Ni kanuni yetu inayopaswa kusahihishwa. Hata kanuni za Newton za mwaka 1687, zilizoeleza kwa nini sayari hufuata njia hizo, zilisahihishwa mwaka 1915, Einstein alipoeleza tofauti ndogo katika mwendo wa sayari ya Utaridi ambayo hesabu ya Newton haikuweza kuieleza. Utaratibu wa maumbile si mali yetu. Sisi ni wasomaji wake tu, na msomaji mwema hakubali kuruka neno asilolipenda.

Lakini habari ya Kepler haikuishia mbinguni. Mwaka 1615 mama yake, Katharina, mjane mzee, alishtakiwa kwa uchawi. Mwanamke mmoja alidai kwamba aliugua baada ya kunywa kinywaji alichopewa na mama huyo. Mwalimu mmoja alidai kwamba alilemaa kwa sababu hiyo hiyo. Mwaka 1620 akatiwa gerezani, akafungwa minyororo muda wa miezi 14, akaonyeshwa hata vyombo vya mateso. Lakini alikataa kukiri jambo asilolitenda. Kepler aliacha kazi yake huko Linz, akasafiri kwenda kumtetea. Enzi zile karibu kila mtu, naye akiwamo, aliamini kwamba wachawi wapo. Hata hivyo alilichunguza kila shtaka na kuuliza: je, hakuna sababu ya kawaida? Yule mwalimu, kwa mfano, alikuwa amejiumiza aliporuka mtaro. Mama akaachiliwa mwaka 1621. Akafariki mwaka uliofuata.

Mtu aliyekataa kuzificha dakika 8 angewezaje kukubali mama yake ahukumiwe kwa uvumi? Uaminifu ulikuwa ni ule ule.

Wapendwa, jambo hili latugusa sisi pia. Katika nchi yetu, hasa kanda ya Ziwa, bibi vizee wameuawa kwa kuwa macho yao ni mekundu. Macho hayo yaliharibiwa na moshi wa jikoni, walipokuwa wakiwapikia watoto na wajukuu kwa miaka mingi. Aliyeinua panga alikwisha kuwa na duara lake moyoni: mtoto amekufa, basi lazima yupo aliyemwua. Hakutaka kuuliza habari za malaria, wala za maji ya kisima, wala za moshi.

Makatekista, mnapowafundisha watoto kwamba Mungu ameuumba ulimwengu kwa utaratibu, msiishie hapo. Wafundisheni kwamba utaratibu huo watudai kitu. Watudai tuitafute sababu ya kweli kabla ya kumnyoshea jirani kidole, na tuwe radhi kuiacha fikira tuliyoipenda pindi ukweli, hata ukiwa mdogo kama dakika 8, unapoipinga. Amwaminiye Muumba haogopi kusahihishwa na kazi ya mikono yake.

Mungu awabariki nyote.