Sarafu na noti zenye wanyama: Masisi na Walikale

Sarafu yenye mnyama ni kipande cha fedha ambacho sura yake kuu ni mnyama wa kweli au kiumbe wa hekaya. Kwa wakusanyaji wengi wa Ulaya, neno hilo huleta kwanza fedha za Roma ya kale. Katika wilaya za Masisi na Walikale, mkoani Kivu ya Kaskazini, mashariki mwa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, huleta tembo wa shaba njano wa enzi za Wabelgiji, chui wa Mobutu, na okapi wa noti ya faranga 1,000. Makala hii inawafuata wanyama hao kwa mpangilio wa tawala zilizowatoa, kwa kuwa mnyama wa kwenye fedha huchaguliwa na mwenye mamlaka, na mara chache mwenye mamlaka huwa jirani wa mnyama huyo.

Kielelezo cha Roma

Mkusanyaji wa Kongo hana budi kuijua Roma kidogo, maana huko ndiko mchezo huu ulikokomaa. Karibu mwaka 49 kabla ya Kristo Julius Caesar alitoa dinari ya fedha yenye tembo akimkanyaga nyoka. Kaisari Domitian, karibu mwaka 85 baada ya Kristo, aliweka kwenye kipande kidogo cha shaba kifaru mwenye pembe mbili, na kifaru wa aina hiyo asili yake ni Afrika. Mwaka 248, Roma ilipoadhimisha miaka 1,000 ya kuwapo kwake, Kaisari Philip aliyejulikana kama Mwarabu alitoa mfululizo wa simba, swala na wanyama wengine walioonyeshwa uwanjani, na sarafu za mkewe Otacilia Severa zikabeba kiboko. Wanyama wenyewe waliletwa ili wauawe mbele ya watazamaji. Sarafu zikabaki kuwa tangazo la tamasha.

Viumbe wa hekaya walipata zamu yao chini ya Kaisari Gallienus, mwaka 267 na 268. Alipozungukwa na maasi, aliomba ulinzi wa miungu, na kila mungu akawakilishwa na mnyama wake: farasi mwenye mabawa kwa ajili ya Jua, nusu mtu nusu farasi na simba mwenye kichwa cha tai kwa ajili ya Apollo, swala kwa ajili ya Diana, chui kwa ajili ya Liber. Wakusanyaji huziita bustani ya wanyama ya Gallienus. Ni za bei nafuu, na sababu yake haipendezi: kufikia wakati huo kiasi cha fedha halisi ndani ya kipande hakikufika asilimia 5. Ilikuwa shaba iliyopakwa weupe. Jambo hilo litarudi Kongo karne 17 baadaye.

Kabla ya mnyama

Kando ya Ziwa Kivu biashara ya karne ya 19 haikuhitaji sura ya mnyama wala ya mfalme. Watembo, wakazi wa misitu iliyo magharibi mwa ziwa, walisuka bangili za nyuzi za mimea zilizoitwa butega, na bangili hizo zilivuka ziwa na kupokelewa kama malipo kwa mifugo, vyakula na majembe. Mkusanyaji makini wa Masisi angeanza nazo, ila nyuzi huoza, na zilizosalia nyingi zimo katika makumbusho.

Simba wa Boma

Dola Huru ya Kongo ya Leopold II ilitoa sarafu zake za kwanza mwaka 1887. Za shaba zilikuwa na tundu katikati na nyota. Za fedha, kuanzia senti 50 hadi faranga 5, zilikuwa na kichwa cha Leopold upande mmoja na, upande wa pili, nembo iliyoshikiliwa na simba wawili. Simba hao wametoka kwenye ngao za Ulaya. Msitu wa Walikale hauna simba. Kwa hiyo mnyama wa kwanza kwenye fedha ya Kongo alikuwa Mbelgiji. Tena sarafu hizo zilikuwa za Boma, mji mkuu wa Dola hiyo, na za mtoni. Kivu ilikuwa bado inagombewa na Wajerumani, na mpaka wake ulikubaliwa mwaka 1910 tu.

Tembo wa vita viwili

Tembo ndiye mnyama aliyefika kweli mikononi mwa watu wa Masisi, na alifika kwa njia ya vita.

Wa kwanza alipigwa Tabora. Mwaka 1916 Wajerumani wa Afrika Mashariki, wakiwa wamekatwa na bahari, walitengeneza katika karakana ya reli sarafu ya dhahabu ya rupia 15: tembo aliyeinua mkonga mbele ya mlima Kilimanjaro, na tai upande wa pili. Dhahabu ilitoka Sekenke. Vipande 16,198 vilitoka kati ya Aprili na Julai. Tarehe 19 Septemba mwaka huohuo Tabora ikaangukia mikononi mwa askari wa Kongo waliokuwa wamepita Rwanda, huku wapagazi wakibeba mizigo yao. Hiyo ni sarafu ya Tanganyika, lakini historia yake haikamiliki bila watu waliotembea kutoka Kivu.

Wa pili ndiye hasa wa makala hii. Ubelgiji ilitekwa na Wajerumani Mei 1940, na Kongo ikabaki bila mtambo wa kupiga sarafu. Mwaka 1943 Benki ya Kongo ya Kibelgiji iliagiza sarafu ya faranga 2 kutoka Philadelphia, Marekani. Ilikuja na pembe sita, ya shaba njano, tembo akitembea, maandishi kwa Kifaransa na Kiflemi. Vilipigwa vipande milioni 25. Mwaka uliofuata kazi ilihamia Pretoria, na kutoka huko zikaja faranga 50 za fedha zenye tembo yuleyule, zenye uzito wa gramu 17.5 na nusu yake tu ikiwa fedha halisi, pamoja na faranga 1 ya mviringo iliyoendelea hadi 1949. Faranga 2 ya mviringo ilifuata mwaka 1946 na faranga 5 mwaka 1947.

Kwa Masisi miaka hiyo ina uzito wa pekee. Tangu 1937 hadi 1955 serikali ya kikoloni ilihamisha familia nyingi kutoka Rwanda na kuzipa makazi Masisi, karibu na mashamba ya kahawa, chai na pareto. Ruanda-Urundi ilitumia faranga ileile ya Kongo, hivyo tembo alivuka mpaka pamoja na watu bila kubadilishwa njiani. Ujira wa shambani, ujira wa machimbo ya bati na kodi ya kichwa vyote vilihesabiwa kwa faranga hiyo. Anayeokota leo faranga 1 ya 1946 iliyolika mpaka masikio ya tembo hayaonekani, ameshika stakabadhi ya kazi ya mtu.

Kuanzia 1952 mchikichi ulichukua nafasi ya tembo, na jina la Ruanda-Urundi likaandikwa kando ya jina la Kongo. Kuanzia 1960 Rwanda na Burundi zilitoa kwa pamoja faranga 1 yenye simba, na ni rahisi zaidi kuikuta Masisi kuliko Kinshasa.

Chui

Kongo huru ilijaribu simba kwanza, kichwa chake kikitazama mbele kwenye faranga 10 ya alumini ya 1965. Mwaka 1967 Rais Mobutu alianzisha fedha mpya, zaire 1 kwa faranga 1,000, na kipande chake kidogo kabisa, sengi 10, kikabeba chui. Chaguo hilo lilikuwa la werevu. Kwa Wahunde wa Masisi na Wanyanga wa Walikale, kama kwa majirani zao, ngozi na meno ya chui ni vya mwami, yaani mtawala wa jadi; mwindaji aliyemuua hana haki ya kukaa navyo. Mobutu alijitwalia alama ya wami wote, akaivaa kichwani kama kofia na kuichapisha kwenye noti kando ya uso wake. Kipande cha sengi 10 ni chepesi, hakina thamani ya chuma, nacho ndicho ninachokiona kuwa sarafu yenye maana nzito kuliko zote za Kongo.

Kisha fedha ikaanguka kama ya Gallienus, na wanyama wakaja kama wale wa Gallienus. Noti ya zaire 50,000 ya 1991 ilikuwa na familia ya ngagi (gorila) upande wa nyuma. Mwishoni mwa 1992 ilitoka noti ya zaire milioni 5. Wafanyabiashara waliikataa, na Januari 1993 askari waliolipwa kwa noti hizo wakafanya ghasia Kinshasa. Oktoba 1993 zaire milioni 3 za zamani zikawa zaire mpya 1. Sarafu za chuma zilikuwa zimekwisha kazi kabla ya hapo: hakuna kipande ambacho kingeweza kufuata bei za soko.

Faranga iliyorudi

Faranga ya Kongo ilirudi tarehe 30 Juni 1998, faranga 1 kwa zaire mpya 100,000. Mwezi wa Agosti vita vikaanza, vikianzia Kivu. Noti za kwanza zilijaa wanyama: okapi kwenye senti 50, kifaru kwenye faranga 5, simba kwenye 20, tembo kwenye 100. Julai 2012 zikaongezwa 1,000 yenye okapi na kasuku wa kijivu, 5,000 yenye punda milia, 10,000 yenye nyati na 20,000 yenye twiga.

Mtu wa Walikale akizipanga mezani, nyingi zinamwonyesha nchi ya mbali. Twiga wa Kongo ni wa hifadhi ya Garamba. Vifaru weupe wa asili wa Garamba wamekwisha, na mwaka 2023 wakaletwa wengine 16 kutoka Afrika Kusini. Punda milia ni wa Katanga. Wa nyumbani ni tembo wa msituni na kasuku wa kijivu, ambaye biashara yake ya kimataifa ilipigwa marufuku kuanzia 2017 baada ya wategaji kumaliza makundi. Ngagi wa nyanda za mashariki hapatikani popote duniani nje ya Kongo ya mashariki, na sehemu ya makazi yake ni Walikale, ndani ya upande wa bondeni wa hifadhi ya Kahuzi-Biega, iliyoundwa mwaka 1970 na kupanuliwa 1975. Hayumo kwenye noti yoyote kati ya hizo za 2012.

Yumo kwenye vipande vya ukumbusho. Tangu miaka ya 2000 zimetolewa kwa jina la Kongo sarafu nyingi za wanyama zilizotengenezwa na kuuzwa ng'ambo. Zinapendeza, lakini hazijawahi kununua hata kilo ya mihogo Masisi mjini, na ni afadhali ziitwe medali.

Viumbe wa hekaya

Roma ilikuwa na farasi mwenye mabawa. Walikale ina Kirimu, joka la msituni lenye vichwa 7, pembe 7 na macho 7. Yumo katika utendi wa Mwindo wa Wanyanga, aliousimulia Candi Rureke mwaka 1956 na ambao Daniel Biebuyck na Kahombo Mateene waliuchapisha 1969. Mwindo anamuua Kirimu, lakini Kirimu alikuwa rafiki wa Nkuba, yaani Radi, naye anampandisha Mwindo mbinguni kumwadhibu na kumkataza kuua tena mnyama yeyote. Humo pia yumo Mukiti, nyoka mkuu wa majini. Hakuna fedha iliyotumika Kongo yenye mmoja wao. Benki Kuu ilichukua vinyago vya Wapende na Wachokwe, lakini simulizi za msitu wa mashariki hazikufika kwenye mchoro.

Kukusanya

Tembo wa 1943 hadi 1949 hupatikana kwa wazee, kwa mafundi wanaoyeyusha shaba, na kwa kambisti, yaani wabadilishaji fedha wa barabarani, wanaoletewa vipande vya zamani pamoja na dola. Wanunuzi wa dhahabu wa Walikale wana mizani midogo inayofaa sana: faranga 5 halisi ya 1887 ina gramu 25, na kipande cha fedha au cha shaba njano hakivutwi na sumaku. Usikisugue kwa mchanga, majivu wala ndimu. Rangi ya kahawia ni ngozi ya sarafu, na aliyeichubua amepoteza sehemu ya bei. Bahasha ya karatasi kavu inatosha. Plastiki laini huacha utando wa kijani.

Noti ni shida zaidi. Goma, mji mkuu wa mkoa, ilipotekwa na waasi wa M23 Januari 2025, benki zake zilifungwa, na noti chakavu zikaendelea kuzunguka mpaka zikakataliwa sokoni. Safi za 1997 na 1998 zinazidi kuadimika.

Anayeanza na pesa kidogo aache vipande vya ng'ambo na atafute tembo wa pembe sita. Akimpata, aandike kwenye bahasha jina la kijiji, la shamba au la mgodi kilikotoka kipande, na nani alilipwa nacho, maana wanaokumbuka ni wazee wa miaka 80 na zaidi.