Uingereza na Mpaka Uliokosa Mahali

Msomaji, nchi inapojitoa katika umoja, wengi hudhani kwamba imekata kamba moja ikaenda zake. Historia haikubali hivyo. Sikiliza habari ya Uingereza, uone jinsi atokaye katika umoja anavyotoka na maswali ambayo umoja ulikuwa umekwisha kuyajibu.

Uingereza iliingia katika jumuiya ya mataifa ya Ulaya tarehe 1 Januari 1973, pamoja na Ireland na Denmark. Jumuiya hiyo ilikua hata ikawa Umoja wa Ulaya, na tangu mwaka 1993 soko lake lilikuwa moja: bidhaa na watu walivuka mipaka pasipo ushuru wala kizuizi. Lakini mtaka cha mvunguni sharti ainame. Kila mwanachama alipaswa kufuata sheria zilizotungwa kwa pamoja, kutoa mchango wa fedha, na kuwapokea raia wa nchi nyingine waliotafuta kazi. Waingereza wengi waliona kwamba Bunge lao limepungukiwa nguvu na wageni wamezidi. Tarehe 23 Juni 2016 walipiga kura: karibu 52 katika kila 100 walitaka kutoka, na 48 walitaka kubaki.

Asubuhi yake Waziri Mkuu, David Cameron, alitangaza kwamba atajiuzulu, na pauni ikashuka mbele ya dola kuliko wakati wowote tangu 1985. Hayo yalikuwa ya haraka. Zito lilikuwa nyuma, nalo ni Ireland.

Katika kisiwa hicho, Ireland ya Kaskazini ni sehemu ya Uingereza, lakini Jamhuri ya Ireland ni nchi huru iliyobaki katika Umoja. Vita vya miaka 30 hivi viliua watu zaidi ya 3,000, mpaka mapatano ya mwaka 1998 yalipoleta amani. Askari waliondoka mpakani. Na kwa kuwa pande zote mbili zilikuwa katika soko moja, vituo vya forodha havikuhitajika. Mkulima alipeleka maziwa yake upande wa pili asiulizwe neno. Je, Uingereza ikitoka, bidhaa zitakaguliwa wapi? Kurudisha vituo nchi kavu kungeweza kuamsha uadui uliolala. Kutoweka kituo chochote kungekuwa kuacha mlango wa soko la Ulaya wazi.

Swali hili, zaidi ya mengine, ndilo lililofanya Bunge liukatae mara tatu mkataba wa Theresa May, naye akaacha madaraka. Boris Johnson aliyemfuata aliuhamishia mpaka baharini: bidhaa zitokazo sehemu nyingine za Uingereza zikaguliwe zinapoingia Ireland ya Kaskazini. Nchi ikatoka tarehe 31 Januari 2020, ikaacha soko la pamoja mwisho wa mwaka huo. Lakini wapenzi wa muungano na London walijiona wametengwa na ndugu zao, na chama chao kikubwa kikasusia serikali ya Belfast tangu Februari 2022 hadi Februari 2024.

Na biashara je? Mkataba mpya na Ulaya uliepusha ushuru, lakini haukuepusha fomu, vyeti na ukaguzi, ambavyo humlemea zaidi mfanyabiashara mdogo. Wapimaji wa bajeti ya Uingereza wamekadiria kwamba, baada ya miaka mingi, tija ya nchi itapungua kwa 4 katika kila 100 kuliko kama ingebaki. Kwa upande mwingine, Bunge lilipata uhuru wa kutunga sheria zake, na serikali uwezo wa kufanya mikataba yake ya biashara. Hata Kenya iliguswa: ili chai, maua na mboga zetu ziendelee kuingia huko bila ushuru, tulitia sahihi mkataba mpya na Uingereza tarehe 8 Desemba 2020.

Sisi nasi tumo katika Jumuiya ya Afrika Mashariki, na ile ya kwanza ilivunjika mwaka 1977. Huenda siku moja ukaombwa kura juu ya jambo la namna hii. Wasikilize wanaotaka kutoka, kwa maana malalamiko yao yaweza kuwa ya haki; kisha waulize mpaka utawekwa wapi, na nani atakayesimama katika foleni yake.