Ilimba na Zeze: Ufundi wa Kutunza Ala za Ugogo
Kabla gitaa la umeme halijafika katika miji ya nyanda za kati, Wagogo wa Dodoma walikuwa na ufundi wao wa kutunza ilimba, yaani sanduku la mbao lenye ndimi za chuma zinazobonyezwa kwa vidole gumba, pamoja na zeze, ala ya nyuzi yenye kibuyu inayopigwa kwa upinde. Ulimi ukipoteza sauti yake, fundi huuvuta au kuusukuma kidogo tu, kwa kuwa ulimi mfupi hutoa sauti nyembamba zaidi. Na penye tundu la sanduku hubandikwa utando wa buibui, ambao hutetema na kuipa ala ule mvumo wa kukwaruza ambao sikio la mgeni huweza kuudhania ubovu, ilhali ndio utamu wenyewe. Utando huo ni mwepesi kuchanika, hivyo hauna budi kubadilishwa. Hukwe Zawose, mzaliwa wa Dodoma aliyefariki mwaka 2003, alipiga ilimba kubwa zenye ndimi nyingi kuliko za kale, na katika albamu ya Assembly, aliyoirekodi pamoja na mpiga gitaa Michael Brook wa Kanada, muziki wa Kigogo ulikutana na gitaa la umeme.